Makofi kwa Rusty Kemmerer

Sikwenda Allentown mwaka huu kusikiliza ngoma, nisikudanganye. Nilikwenda kumwona Rusty Kemmerer akiaibika, na nilitaka niwe karibu kiasi cha kuiona shingo yake ikibadilika rangi.

Wanaonijua wanajua kwamba mimi, Bernadine Hudock, nikishika kinyongo sikiachii. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ni afadhali agombane na mbwa wa jirani kuliko kugombana nami, maana mbwa angalau husahau. Basi miaka nenda miaka rudi, mwanzoni mwa Agosti, mimi hukaa safu ileile ya uwanja ule, katikati, juu kidogo, mahali ambapo matarumbeta yakigeukia jukwaa la watazamaji unayasikia mpaka kwenye mbavu. Kulia kwangu hukaa Wendell Stoudt, mzee aliyepiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, enzi zangu za kupiga ngoma, na ambaye hajawahi kunisifu kwa lolote. Tunakula viazi vya kukaanga vilivyomwagiwa siki, tunawasengenya waamuzi, tunabishana ni kikosi gani cha ngoma na matarumbeta kimeharibika kuliko vyote tangu sisi tuvue sare. Ndiyo raha yetu ya mwaka mzima.

Mwaka huu nilimleta binti yangu Corinne, naye hakutaka kuja.

Corinne alikuwa mpiga ngoma ndogo wa katikati katika kikosi cha Tai wa Shaba. Huyo wa katikati si mtu wa kawaida. Safu nzima, kushoto na kulia, inamsikiliza yeye. Yeye peke yake ndiye anayemwangalia kiongozi apungaye mikono kwenye kijukwaa chake mbele ya uwanja, na mapigo yakipotea, yamepotelea kwake. Alikipigania kiti hicho tangu akiwa mdogo, akifanya mazoezi kwenye mto wa kochi mpaka nikachoka kushona foronya. Na huu ndio uliokuwa mwaka wake wa mwisho. Ukifika miaka ishirini na mmoja, kanuni ya vikosi vyetu haina huruma: majira ya joto yakiisha unavua ngoma na hutaivaa tena maisha yako yote. Wenye umri huo huhesabiwa kama maharusi. Wenzao huwabeba, huwalilia, huwaimbia.

Mwanangu hakubebwa na mtu. Mwezi Julai, huko Ohio, kulikuwa na joto la kuivisha mkate juu ya lami. Rusty Kemmerer, mkuu wa ngoma wa Tai, aliwashikilia watoto juani mchana kutwa wakirudia kipande kimoja alichokibadilisha asubuhi ileile. Msichana mmoja wa ngoma kubwa akatapika, akafuta mdomo, akaambiwa arudi mstarini. Alipotapika tena, Corinne alivua ngoma yake, akaiweka chini taratibu, akawaambia wenzake twendeni kivulini. Wakaenda wote. Kemmerer hakupaza sauti. Aliwangoja wanywe maji, akawarudisha mstarini, akasimama mbele ya binti yangu, akasema, "Vua ngoma. Safu itakwenda bila wewe."

Mbele ya kikosi kizima, tena mtoto aliyemtumikia miaka minne. Jioni ile alipandishwa basi la abiria kama mzigo. Nilimpokea kituoni akiwa na vijiti vyake ndani ya foronya, na hakulia. Afadhali angelia. Alipanda gari, akaniomba nisimwulize kitu, na kwa wiki nzima alikuwa akiingia jikoni, akafungua friji, akasimama tu pale mpaka friji ianze kulalamika.

Kiti chake kilikwenda kwa nani? Kwa Colby, mtoto wa dada yake Kemmerer, kijana aliyekuwa mwishoni kabisa mwa safu. Pale mwishoni alipotoka Colby wakapaacha wazi, wakawa wanacheza na pengo. Nilipiga simu, hakupokea. Nilipiga tena, nikaambiwa na baraza la kikosi kwamba wanamwamini mkuu wao wa ngoma na wanamtakia Corinne kila la heri. Kila la heri, eti. Nikajiapiza hapohapo, na simu bado iko mkononi, kwamba Rusty Kemmerer atanitambua.

Wala sikuhitaji kufikiri sana mahali pa kumpiga. Vikosi ni vingi, lakini usiku wa mwisho wa mashindano ya taifa kule Indianapolis vinaingia kumi na viwili tu. Tai walikuwa wa kumi na mbili, na wa kumi na tatu alikuwa akiwapumulia kisogoni. Kila mtu kwenye mambo haya alijua kwamba Kemmerer ameliahidi baraza usiku wa mwisho, na akiukosa safari hii atafungasha virago. Onyesho la Allentown ndilo la mwisho kubwa kabla ya hapo, na waamuzi wanaokuona Allentown wakikuona umechanika, wanakwenda nawe Indianapolis hivyohivyo vichwani mwao.

Sasa nikueleze jambo ambalo watu wetu hulijua kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Uwanja ni mpana. Ngoma zikipigwa kule nyuma, sauti huchelewa kidogo kufika jukwaani. Mtu aliyekaa juu akipiga makofi kufuata ngoma, anafuata kitu kilichokwisha chelewa, na makofi yake yakirudi uwanjani yanakuwa yamechelewa mara mbili. Mpiga ngoma anayasikia yakiwa nyuma ya mkono wake. Akiyasikiliza, kwisha habari yake. Atapunguza mwendo bila kujijua, mwenzake hatapunguza, na safu itachanika katikati kama kanga kuukuu. Ndiyo maana sisi Allentown hatufuatishi ngoma kwa makofi. Tunasimama, tunapiga mayowe, wengine hurusha kofia, lakini kipande kikishaisha. Mgeni akianza pa, pa, pa katikati ya ngoma, atanyamazishwa na safu nzima, na Wendell amewahi kummwagia mtu soda.

Basi nadhani umeshanielewa. Ningempiga Kemmerer kwa makofi. Nani angenishika? Kwa macho ya mtu wa kawaida ningekuwa mama wa watu anayeshangilia watoto.

Sikumwambia Wendell. Corinne nilimwambia tu kwamba wenzake wangefurahi kumwona, na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu walikuwa wamemtumia ujumbe wakimsihi aje. Akavaa miwani ya jua na kofia ya baba yake, akaketi kushoto kwangu bila kuegemea. Wendell alimwangalia, akasogeza sahani ya viazi mbele yake, akamwambia kwamba wapiga ngoma wote ni wapumbavu lakini yeye hakuwa mpumbavu sana. Kwa Wendell hayo ni machozi.

Tai waliingia jua likiwa bado linawachoma usoni, kwa kuwa vikosi vya chini hutangulia na wakubwa hungoja taa ziwashwe. Kemmerer alisimama chini yetu kabisa, kwenye uzio, mikono kifuani, kofia imevutwa mbele. Nilikuwa naiona shingo yake vizuri. Mwamuzi wa ngoma, bwana mmoja mwembamba mwenye kinasa sauti mdomoni, alikuwa tayari ameingia uwanjani, maana kazi yake ni kutembea miguuni mwa wapigaji na kusema kila anachokisikia.

Walianza vizuri. Acha niseme haki, walianza vizuri sana. Matarumbeta yalifunguka kwa pamoja, bendera zikapanda zikashuka kama zimeshikwa na mkono mmoja, na Wendell akaguna, yaani amependa. Mimi nilikuwa namtazama Colby. Alikuwa mrefu, masikio makubwa yamechomoza nje ya kofia, na alikuwa anapiga huku ametoa ulimi kidogo pembeni. Halafu nikamtazama binti yangu, na hapo roho iliniuma vibaya. Corinne alikuwa hatazami. Uso ameuinamisha, lakini vidole vyake vilikuwa vinapiga juu ya paja, kila pigo, kila kona, pamoja na mabadiliko ya Julai yaliyomfukuzisha. Alikuwa bado yumo mle ndani. Mtoto alikuwa anacheza onyesho lake la mwisho kwenye suruali ya jinzi.

Kama kulikuwa na chembe ya huruma ndani yangu, ilitoka pale.

Kile kipande cha Kemmerer kinakuja katikati ya onyesho. Matarumbeta yote yanateremshwa. Ngoma kubwa zinaanza mdundo wa kutembea, mzito, mtamu, hata bibi kizee asiye na meno angetikisa kichwa. Kisha juu ya mdundo huo ngoma ndogo zinaingia kwa sauti ya chini kabisa, vijiti vikigonga kwenye kingo za ngoma, haraka haraka, kama mvua juu ya bati lililo mbali. Hakuna kitu kingine uwanjani. Kikipigwa safi, alama hupanda. Kikichafuka, hakuna pa kujificha.

Nilipiga kofi la kwanza mdundo ulipoanza. Nikapiga la pili, kwa nguvu, mikono juu ya kichwa ili walio chini waone.

"Bernie, umelewa?" Wendell akauliza.

Chini yetu kulikuwa na kundi la watu wa kanisa waliokuja na basi lao, wamevaa fulana za rangi moja, wageni watupu wa mambo haya. Mwanamke mmoja akageuka akaniona, akatabasamu, akaanza kupiga. Mumewe akafuata. Safu yao nzima ikafuata. Watu wetu wa zamani walianza kuwazomea, wengine wakanielekeza vidole, lakini ndimi zetu zina nguvu gani mbele ya watu walioamua kufurahi? Makofi yalikimbia kulia, yakazunguka kona, yakavuka ng'ambo. Punde uwanja mzima ulikuwa unapiga pa, pa, pa, na watoto wadogo wanarukaruka kwenye viti.

Corinne alinishika mkono.

"Mama, acha. Wanasikia."

"Najua."

"Colby anasikia, mama."

"Nimesema najua."

Namna alivyonitazama iliyatoa macho yangu uwanjani. Aliivua ile miwani. Sijui nilitegemea nini, labda nilitegemea atafurahi, labda nilidhani angeinuka apige na mimi. Niliuvuta mkono wangu kutoka kwake na nikaendelea kupiga.

Colby alivumilia, simnyimi haki yake. Ngoma ndogo zilipoingia alikuwa amemkazia macho kiongozi kwenye kijukwaa chake, ulimi umerudi ndani, shingo imesimama. Aliyapita makofi mara ya kwanza. Aliyapita tena. Kisha wakageuka kwenda nyuma, wakampa kiongozi mgongo kwa hatua chache, na kwa hatua hizo hakuwa na kitu cha kukishika isipokuwa masikio yake. Makofi yakamwingia. Niliona bega lake likisita. Watatu wa kushoto wakasita naye, wa kulia hawakusita, na ile mvua ya mbali ikageuka kuwa kokoto zilizomwagwa kwenye ngazi. Safu ilichanika. Ikachanika tena walipojaribu kuishona, na pengo lile la mwishoni likaonekana kama jino lililong'oka. Mwamuzi mwembamba alikuwa amesimama mbele ya Colby, anazungumza na kinasa chake bila kupumua.

Watu wa kanisa waliendelea kupiga, wanacheka, hawajui lolote.

Basi nikaitazama shingo ya Rusty Kemmerer. Ilipanda rangi kutoka kwenye ukosi mpaka chini ya kofia. Aliivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Halafu akageuka kuangalia kwa watazamaji upuuzi huu umetokea wapi, na mimi nikasimama. Nilitaka anione, mtu mzima mimi, mikono yangu hewani, nampigia makofi yeye peke yake. Aliniona. Tuliangaliana mpaka nikahakikisha ameelewa. Nakuambia kwa haki ya Mungu, ile ndiyo dakika tamu kuliko zote nilizowahi kukaa kwenye uwanja ule.

Nilipoketi, kiti cha Corinne kilikuwa kitupu. Wendell alikuwa ameokota sahani yake ya viazi na kuhama viti viwili.

"Wale ni watoto wa watu, Bernie," alisema, bila kunitazama.

Nikamwambia hata wangu ni mtoto wa mtu, nikashuka.

Nyuma ya uwanja, kati ya mabasi, kila kikosi huwa na kona yake ya lami. Niliwakuta Tai wamesimama kwa nusu duara, sare zimefunguliwa vifungo, wengi wanalia kimyakimya jinsi vijana wanavyolia wakiwa wamechoka kupita kiasi. Corinne alikuwa amesimama pembeni karibu na lori la vyombo, kofia ya baba yake mkononi. Kemmerer alikuwa katikati, mbele ya Colby. Hakupaza sauti hata sasa.

"Vua ngoma," alimwambia.

Colby hakubisha. Alihangaika na vifungo vya mabega mpaka mwenzake akamsaidia. Aliposhusha ngoma chini akasema, "Samahani, mjomba," na Kemmerer akamjibu kwamba pale hapakuwa na mjomba.

Halafu akaja kwangu. Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu Julai. Kila asubuhi nikiendesha basi la kambi ya watoto, nilikuwa nayanoa. Lakini yeye ndiye aliyetangulia.

"Bernie. Mikono yako bado mizuri."

"Nilikuwa nashangilia watoto tu, Rusty."

"Nimesikia." Akanipita kama mtu anavyopita nguzo ya taa, akaenda mpaka kwa Corinne. "Ngoma iko pale. Unaitaka au huitaki?"

Hata samahani hakusema, wala hata jina lake hakulitaja. Haya ndiyo niliyokuwa nayaota, kiti kinarudi kwa mwenyewe na mwizi ndiye anayekileta kwa mikono yake, na bado nilitaka Corinne amtemee mate. Nilimsubiri amtemee. Nilikuwa karibu kumtemea mimi.

Corinne aliitazama ile ngoma kwenye lami kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wakisema wamechoka kwa joto, wanapumzika. Sikuombi, nakwambia."

"Watapumzika."

"Na Colby haendi nyumbani. Anarudi mwisho wa safu, pale penye pengo."

Kemmerer alitafuna mdomo. Akaangalia mabasi, akaangalia watoto, na watoto wote walikuwa wanamwangalia yeye. Akasema sawa. Neno hilo lilimtoka kwa shida, kama mtu anayetema mfupa, na nililifurahia, lakini si kwa kiasi nilichotarajia, kwa sababu hakuwa amelisema kwangu.

Corinne alikwenda kwa Colby kwanza. Alimnong'oneza kitu, nisichokisikia, na yule kijana akacheka huku kamasi zinamtoka. Kisha akavaa ngoma. Wenzake walimzunguka, wakamgonga mabega kwa vijiti, na wakaanza kile kipande palepale kwenye lami, kingo kwa kingo, taratibu kwanza, kisha kwa mwendo wake. Watu waliokuwa wanapita na soda zao wakasimama. Hakuna aliyepiga kofi. Nilisimama nyuma ya lori nikasikiliza mwanangu akiishona ile safu, na sikuona aibu kulia, kwa sababu nilikuwa nimeshinda.

Walipomaliza akaja kwangu, ngoma bado kifuani, jasho linamtiririka. Nilinyoosha mikono nimkumbatie. Ngoma ilikuwa katikati yetu na yeye hakuigeuza pembeni.

"Umeiona sura yake?" nikamwuliza. "Umemwona alivyokuwa? Mwanangu, amekuja mwenyewe."

"Nimeona, mama."

"Basi furahi."

"Nimefurahi." Alikuwa anapangusa vijiti kwenye suruali, kimoja baada ya kingine. "Indianapolis usije."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia tiketi ninayo tangu Krismasi, hoteli nimelipia, Wendell ananichukua kwa gari lake. Nikamwambia nimengoja siku hiyo tangu alipokuwa anabomoa mito ya kochi. Alinisikiliza mpaka nikaisha.

"Nikiwa uwanjani sitakiwi kusikia watu wa jukwaani," akasema. "Umenifundisha wewe hivyo. Lakini nikijua upo, nitakuwa nasikiliza mikono yako. Kipande kizima nitakuwa nangoja uanze."

"Mimi nikupigie makofi wewe? Wewe?"

"Colby hakukukosea chochote, mama, na ulimpigia." "Nina wiki moja tu iliyobaki. Niachie hiyo wiki."

Ningeweza kumjibu. Midomo yangu haijawahi kukosa jibu, muulize yeyote. Niligeuka nikaona Kemmerer ameegemea basi, anatutazama, wala hakuwa anacheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikamwambia Corinne sawa, nikamuuliza kama ana soksi za kutosha, akasema anazo, akarudi kwa wenzake.

Sikwenda. Tiketi nilimpa Wendell, ambaye aliniambia ataweka koti lake kwenye kiti changu na kwamba koti halina kelele. Alinipigia siku ya mwisho yenyewe, alasiri, matokeo ya mchujo yalipotoka. Tai wameingia. Wa kumi na moja. Wamempita hata yule aliyekuwa juu yao. Ngoma ndizo zilizowabeba, alisema, na Wendell hasifu ngoma. Baraza la kikosi lilikuwa limeshampa Rusty Kemmerer mkataba mpya palepale nje ya uwanja, na mtu wa gazeti alipomwuliza ameuokoaje msimu wake, akasema amempata tena mpigaji wake bora. Hakusema nani alimpatia. Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nilitoka nyumbani kwangu kwenda kumwangamiza mtu, nikampelekea kitu pekee alichokuwa anakihitaji.

Na bado namchukia. Akipita mbele ya basi langu sitakanyaga breki kwa haraka. Usifikiri nimekuwa mtakatifu.

Corinne alipiga simu kesho yake asubuhi, sauti imemkauka kwa mayowe, nyuma yake watu wanapakia vyombo na kuimba. Alisema wamembeba. Alisema Colby ndiye aliyemshika miguu. Alisema walipofika kwenye kile kipande, uwanja mzima ulinyamaza, maelfu ya watu, kimya kabisa, na alikuwa anavisikia vijiti vyake mwenyewe vikigonga kingo.

"Safi?" nikamwuliza.

"Safi, mama. Safi mpaka mwisho."

Halafu nikasikia amesogea mbali na wenzake.

"Asante kwa kutokuja," akasema.

Nikamwambia ale kitu kabla ya kupanda basi, maana safari ni ndefu.